Nzi wa Kigeni Katika Miembe: Mwongozo Kamili wa Kumkabili Kuanzia Shinani Hadi Sokoni

Embe zikianza kudondoka kabla ya wakati, wengi hukimbilia bomba la dawa. Kwa nzi wa matunda, hapo mkulima huwa amechelewa: yai limekwisha kuzikwa chini ya ganda, funza anakula nyama ya tunda kutoka ndani, na dawa inayopulizwa juu haimfikii. Fedha zinakwenda, embe zinaendelea kuoza.

Mpangilio wa mwongozo huu ni mwingine. Tunaanza na ardhi iliyo chini ya mti, ndipo tuje kwenye mitego, chambo na dawa. Ninaamini kabisa kwamba mkulima anayeokota embe zilizoanguka bila kukosa, na jirani yake akafanya hivyo hivyo, anaokoa matunda mengi kuliko mwenye fedha ya dawa tu.

Mjue unayepambana naye

Nzi wa matunda walikuwapo Afrika Mashariki tangu zamani. Yule wa kienyeji anayependa embe kwa kisayansi huitwa *Ceratitis cosyra*: mdogo, rangi ya manjano, mwenye mabaka ya hudhurungi kwenye mabawa. Aliharibu, lakini tuliishi naye. Mambo yalibadilika mwaka 2003, alipogunduliwa nzi mgeni katika pwani ya Kenya, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina *Bactrocera invadens*, na mwaka 2015 wakakubaliana kwamba ni yuleyule *Bactrocera dorsalis* anayesumbua bara la Asia. Ndani ya miaka michache alikuwa amesambaa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, na katika mashamba mengi ya maeneo ya chini na yenye joto akamsukuma pembeni yule wa kienyeji.

Mgeni huyu unamtambua hivi. Ni mkubwa kidogo kuliko nzi wa kienyeji, mwili wake hukaribia milimita 8. Mgongoni ana rangi nyeusi au kahawia iliyokoza, na pande zote mbili ana mstari wa manjano. Tumbo lake lina rangi ya chungwa na alama nyeusi inayofanana na herufi T. Mabawa yake ni angavu, hayana mabaka, ila ukingo wa mbele una mstari mweusi mwembamba.

Usimchanganye na vijinzi vidogo vyenye macho mekundu vinavyozunguka embe bovu jikoni. Vile hufuata tunda lililokwisha kuoza. Huyu tunayemzungumzia hulitoboa tunda zima likiwa bado mtini.

Sababu ya yeye kushinda ni rahisi kueleza. Anazaa sana: jike mmoja aliyeshiba anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja maishani mwake. Pia hachagui chakula. Embe ikiisha anahamia kwenye mapera, machungwa, topetope, mastafeli, ng'ongo, hata kungu zinazodondoka uani kwenye nyumba za pwani. Na alipofika huku hakukuta maadui aliowaacha kwao Asia. Nyigu wetu wadogo wa kienyeji, ambao huua funza wa nzi wa kienyeji, walijaribu kutaga ndani ya funza wa mgeni huyu, lakini mwili wake uliyazingira mayai hayo na kuyaua.

Mzunguko wa maisha, na pale pa kuukatia

Sehemu hii isome taratibu, maana kila hatua inayofuata inatoka hapa.

Jike hutoboa ganda la embe na kuingiza mayai chini yake. Baada ya siku moja hadi tatu mayai huanguliwa. Funza hula nyama ya tunda kwa muda wa wiki moja hivi, wakati mwingine zaidi kidogo kutegemea joto. Tunda hulainika, mara nyingi huanguka. Funza aliyekomaa hutoka, hujikunja na kuruka, kisha huingia ardhini. Haendi mbali: wengi hukaa katika sentimita tano za juu za udongo, ambako hugeuka kuwa pupa wa rangi ya kahawia mfano wa punje ya mpunga. Baada ya siku kumi hivi au zaidi kidogo, nzi mpya anatoka.

Nzi huyo mpya hawezi kutaga mara moja. Jike anahitaji kula protini kwanza, mayai yakomae tumboni. Anaitafuta kwenye majani, kwenye kinyesi cha ndege, kwenye utomvu na utamu unaoachwa na vidukari.

Basi kuna sehemu tatu ambapo adui huyu yuko wazi kwako: akiwa funza ndani ya embe iliyoanguka, akiwa pupa kwenye udongo wa juu, na akiwa jike mwenye njaa ya protini. Akiwa yai au funza ndani ya embe iliyo juu mtini, huna namna ya kumpata kwa dawa.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni yeye

Angalia embe zilizo mtini. Utaona vitone vidogo vyeusi mithili ya mahali palipochomwa sindano, pengine utomvu ukichuruzika kutoka hapo. Eneo linalozunguka huwa laini, kisha likabadilika rangi. Pasua embe chache zilizoanguka. Funza weupe wasio na miguu, wanaoruka ukiwaweka juu ya meza, ni wa nzi wa matunda.

Ukitaka uhakika, chukua ndoo, weka mchanga mkavu kiasi cha kufunika kitako, panga embe zilizotobolewa juu yake, kisha funika kwa kitambaa chepesi na ukifunge kwa mpira. Iweke kivulini. Ndani ya wiki tatu hivi nzi watatoka, nawe utaona kwa macho yako kama ni wenye mabawa angavu na herufi T au wale wa kienyeji wenye mabaka. Jambo hili lina maana kwa sababu kivutio utakachonunua kinategemea aina ya nzi uliye naye.

Hatua ya pili: usafi chini ya mti

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapochoka mapema.

Anza kuokota tangu embe za kwanza zinapodondoka, hata zile ndogo. Okota angalau mara mbili kwa wiki. Ukiacha embe chini kwa wiki nzima, funza wengi watakuwa wameshatoka na kuingia ardhini, na utakuwa unaokota maganda matupu. Chuma pia zile zilizo mtini zenye alama ya kutobolewa au zilizolainika upande mmoja.

Baada ya kuokota, swali ni kuzipeleka wapi. Kuzirundika pembezoni mwa shamba ni kuwahamisha nzi mita chache tu. Kuzitupa kwenye shimo la mboji ni vilevile, kwa kuwa mboji ya kawaida ya nyumbani mara nyingi haipati joto la kutosha kila mahali. Njia zinazofanya kazi ni hizi:

Kuzika kwa kina. Chimba shimo ambalo embe ya juu kabisa itafunikwa na udongo usiopungua sentimita 50, kisha ushindilie. Shimo la kina kifupi ni hatari, kwani nzi anayetoka kwenye pupa anaweza kupenya udongo laini na kufika juu.

Kuanika ndani ya plastiki. Jaza embe kwenye mfuko mzito mweusi usio na tundu, funga mdomo kwa nguvu, uache juani siku kadhaa hadi wiki moja. Joto la ndani huua funza. Kagua mfuko kama hauna matundu, panya huwa wanaupasua.

Kulisha mifugo siku hiyohiyo. Nguruwe, ng'ombe na mbuzi hula embe vizuri, mradi usizimwage nyingi kuliko wanavyoweza kumaliza. Mabaki yanayolala zizini yanakuwa kitalu cha nzi.

Kuna njia ya nne, ambayo ningependa ienee zaidi: hema la kunasa nzi. Ni kibanda kidogo cha turubai au chandarua kizito, kingo zake zikifukiwa udongoni, na juu kina dirisha la wavu mwembamba sana. Unatia embe mbovu humo ndani. Nzi wakitoka wanakwama na kufa, lakini nyigu wadogo wanaoua nzi wanapita kwenye matundu ya wavu na kurudi shambani kuendelea na kazi yao. Nyigu hao wapo. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye makao yake Nairobi, kilimleta nyigu aitwaye *Fopius arisanus*, ambaye hutaga ndani ya mayai ya nzi huyu, pamoja na mwenzake *Diachasmimorpha longicaudata* anayeshambulia funza, na wakaachiwa mashambani. Ukizika kila kitu unawazika na wao. Ukitumia hema unawabakiza.

Kuhusu udongo wenyewe: palilia chini ya mti na uchakure juu juu mara kwa mara ili pupa wafukuliwe, wapigwe na jua na kuliwa na sisimizi. Kuku wakiachiwa chini ya miembe hufanya kazi hii bila kuambiwa. Ipo pia dawa ya kibayolojia ya kuvu aina ya *Metarhizium anisopliae* inayotiwa kwenye udongo na kuua funza na pupa. Ukiipata iliyosajiliwa, itumie udongo ukiwa na unyevu, jioni, maana jua kali huidhoofisha.

Hatua ya tatu: mitego, na mtego usikudanganye

Kivutio kinachotumika kwa nzi huyu mgeni kinaitwa methili eujenoli. Madume huifuata kutoka mbali sana. Unaweza kununua mtego uliotengenezwa tayari au kutumia chupa ya plastiki ya maji. Toboa matundu matatu au manne ya upana wa sentimita moja hivi katika sehemu ya juu ya ubavu wa chupa. Ning'iniza ndani kipande chenye kivutio pamoja na dawa ya kuua, funga kizibo, kisha tundika kwa waya. Paka grisi kwenye waya, la sivyo sisimizi watashuka na kuwala nzi waliokufa nawe utadhani hakuna aliyenaswa. Tundika kivulini ndani ya matawi, kimo cha mtu au zaidi kidogo, majani yasiguse matundu.

Vaa glavu unapogusa kivutio. Tone likidondoka kwenye majani au kwenye nguo, madume watakusanyika hapo badala ya kuingia mtegoni.

Kwa ajili ya kupima hali tu, mtego mmoja au miwili kwa ekari inatosha. Kagua kila wiki siku ileile, hesabu nzi, andika kwenye daftari, mwaga. Kivutio hudumu wiki sita hadi nane hivi. Fuata maelezo ya kibandiko. Kwa ajili ya kupunguza madume shambani unahitaji mitego mingi zaidi, tena iliyopangwa kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji.

Sasa neno ambalo nalisisitiza kwa kila mwenye miembe: chupa iliyojaa nzi haina maana kwamba embe zako ziko salama. Walionaswa ni madume. Anayetoboa embe ni jike, naye haji kwenye methili eujenoli. Mitego ya madume husaidia pale tu inaponasa wengi kiasi kwamba majike wanakosa wa kupandana nao, na hilo linahitaji eneo kubwa. Kwa ekari mbili zilizozungukwa na mashamba yasiyotunzwa, mtego ni kipimo kizuri lakini si kinga. Nimesikitika kuona watu wakitundika chupa, wakafurahia mizoga, wakaacha kuokota embe.

Pia nzi wa kienyeji *Ceratitis cosyra* hawavutiwi na kivutio hiki. Kama ndoo yako ya mchanga ilikuonyesha nzi wenye mabaka, mtego wa methili eujenoli utakaa mtupu na embe zitaendelea kutobolewa.

Hatua ya nne: chambo cha protini kwa majike

Hiki ndicho kinachompata jike. Chambo ni protini iliyochanganywa na kiasi kidogo cha dawa ya kuua, mara nyingi spinosadi, ambayo hutokana na bakteria wa udongoni. Nchini Kenya ICIPE na washirika wake walifanikiwa kutengeneza chambo kutokana na mabaki ya hamira ya viwanda vya bia, jambo lililopunguza utegemezi wa chambo cha kuagiza kutoka nje.

Anza embe zikiwa na ukubwa wa goroli. Usingoje zibadilike rangi. Rudia kila wiki hadi utakapomaliza kuchuma.

Namna ya kupuliza ni tofauti na ulivyozoea. Huoshi mti mzima. Unachagua eneo la mita moja ya mraba hivi kwenye majani ya ndani, upande wa chini wa majani, na unapuliza matone makubwa hapo tu. Epuka matunda. Fanya asubuhi, wakati majike wanatafuta chakula. Mvua ikinyesha ikaosha majani, rudia. Kwa njia hii dawa inayotumika ni kidogo sana, nyuki wanaumia kidogo, na embe haina mabaki ya sumu.

Kupuliza mti mzima kwa dawa kali nakushauri uache. Huwafikii funza, unawaua nyigu na chungu wanaokusaidia, na mara nyingi baada yake huja vidugamba na utitiri, kwa kuwa waliokuwa wakiwala wamekufa. Ukilazimika kutumia dawa yoyote, iwe imesajiliwa: Tanzania uliza TPHPA, Kenya uliza PCPB, ambazo ni mamlaka za serikali zinazosajili viuatilifu. Kibandiko kitakueleza siku za kungoja kabla ya kuchuma, nazo ziheshimu kwa ajili ya mlaji.

Majimoto, walinzi wa bure

Wakulima wa pwani wanawajua vizuri majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota kwenye miembe, mikorosho na minazi. Huwala nzi na kuwafukuza, na harufu wanayoiacha juu ya tunda humfanya jike asite kutaga hapo. Utafiti uliofanyika Benin kwenye miembe ulithibitisha hivyo.

Kama unao, usiwachome moto. Unaweza kuunganisha miti kwa kamba au fito ili wavuke kutoka mti hadi mti. Usichanganye viota vya makundi mawili tofauti, watapigana hadi kumalizana. Tatizo lao ni kung'ata wachumaji, kwa hiyo chuma asubuhi na mapema na ujipake majivu mikononi. Vilevile hulinda vidugamba vinavyotoa utamu, kwa hiyo kagua majani. Yakianza kufunikwa na masizi meusi, punguza matawi yaliyobanana ili hewa na mwanga vipite.

Fukusi wa kokwa, mgeni mwingine

Nitamtaja kwa ufupi, kwa sababu anachanganywa na nzi. Fukusi wa embe, *Sternochetus mangiferae*, naye ana asili ya Asia, na hali kitu kingine ila embe. Jike hutaga juu ya embe changa, kifunza hupita kwenye nyama ikiwa bado laini na kuingia ndani ya kokwa. Kovu hufunga. Embe inakua, inaiva, nje haina alama yoyote, na mlaji anakuja kukuta mdudu mweusi ndani ya kokwa.

Hana kivutio cha kumtegea, na uzazi wake ni mara moja kwa mwaka. Dawa yake ni kokwa. Kusanya kokwa zote, za shambani na za nyumbani, uzichome au uzizike kwa kina. Kiangazi fukusi wakubwa hujificha kwenye nyufa za magome, kwa hiyo ondoa magome yaliyolegea na matawi makavu. Haruki mbali; husafiri kwa mikono yetu, ndani ya embe na kokwa tunazobeba. Anayeotesha miche abandue ganda gumu la kokwa, atazame mbegu ya ndani, na atupe yoyote iliyoliwa.

Kuchuma na kuuza

Kadiri embe inavyokaa mtini ikiiva, ndivyo inavyotobolewa zaidi. Chuma ikiwa imekomaa lakini bado ngumu, mabega yakiwa yamejaa. Boribo, Apple na Kent hazikomai pamoja, kwa hiyo panga mchumo kwa aina. Kwa miti michache ya nyumbani, kufunika embe moja moja kwa mfuko wa karatasi zikiwa bado changa hufanya kazi vizuri sana. Kwa shamba kubwa gharama ya vibarua inakuwa nzito.

Soko la nje lina sharti gumu zaidi: funza mmoja anatosha kukataliwa mzigo mzima. Mwaka 2014 Kenya ilisitisha yenyewe kupeleka embe Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi huyu, na haikurudi hadi 2021. Kilichofungua mlango ni maeneo yenye nzi wachache yanayosimamiwa kwa pamoja, kaunti ya Makueni ikiwa mfano, na matibabu ya maji moto. Kwa maji hayo embe huzamishwa kwenye joto la nyuzi 46 za Selsiasi kwa zaidi ya saa moja, kwa vifaa vinavyopimwa. Usijaribu kwenye sufuria: joto likizidi kidogo embe inaungua, likipungua funza anapona.

Msimu ukiisha

Chuma kila embe iliyobaki, hata zile za kileleni ambazo hazina soko. Kisha zungukia boma lote. Mpera ulio nyuma ya choo, mkungu wa kivuli, mchungwa wa jirani: huko ndiko nzi hukaa akingoja embe zako zitoe maua tena. Okota mapera na kungu kama ulivyookota embe.

Waite majirani mkutane mapema, kabla ya maua. Nzi anaruka, hajui mipaka yenu. Kubalianeni siku mbili za wiki za kuokota, chimbeni shimo moja la pamoja au jengeni hema moja, nunueni chambo kwa jumla. Kama kuna shamba ambalo mwenyewe yuko mjini, mwombeni ruhusa muokote embe zake. Wengi hukubali wakielezwa. Afisa ugani wa kata au wadi yenu mwiteni siku ya mkutano, naye mpeni daftari la hesabu ya mitego aone ni wiki zipi nzi walipanda.

Mitego ya kupimia iache mtini mwaka mzima, ukibadilisha kivutio kwa wakati. Maua yakianza kushika vitunda, badili kivutio upya, nunua chambo, noa jembe la shimo, na upange nani ataokota siku zipi.